Anayeshika Mashine Afundishwe Kwanza



Wako watu wasemao kwamba kijana wa Kiafrika akipewa mashine kubwa huiharibu. Maneno hayo tuliyasikia enzi za mkoloni, na hata leo hayajaisha katika kambi za ujenzi. Sisi twayakataa. Kinachoharibu mashine si rangi ya mkono, bali ni mkono usiofundishwa.

Barabara kuu itokayo Mlima Kitonga hadi Iringa na Mbeya hupita katika nchi ya miamba. Penye mwamba, kijiko huvuliwa ndoo, kikafungwa nyundo inayoendeshwa kwa nguvu ya mafuta. Nyundo hiyo hufanya kazi ya watu wengi wenye sururu na mitaimbo, lakini ina masharti yake.

Patasi isimame wima juu ya jiwe, ikiinama, hukatika. Isipige mahali pamoja zaidi ya nusu dakika. Jiwe likigoma, opereta asogee karibu na ukingo, aanze pembeni kwenda ndani. Anayeng'ang'ania hapohapo hutengeneza vumbi na moto tu. Jiwe likipasuka aache mara moja, maana kupiga hewani huiua nyundo. Tena nyundo si mtaimbo wa kubandulia mawe. Itiwe grisi kila baada ya saa mbili, patasi ikiwa imekandamizwa chini.

Mashine ikivunjika hununuliwa nyingine. Je, mtu? Vipande vya jiwe huruka kama risasi. Kwa hiyo kioo cha opereta kiwe na wavu, na vibarua wakae mbali. Masikio yazibwe. Jiwe limwagiwe maji, kwa kuwa vumbi lake lina chembe za silika ziharibuzo mapafu polepole. Na asiwepo wa kufungua mpira wa mafuta kabla ya kuzima injini na kutoa mgandamizo: mafuta hayo hutoboa ngozi.

Hatukuanza leo kupasua milima. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilikuta sehemu yake ngumu kuliko zote kati ya Mlimba na Makambako. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika ujenzi wa reli hiyo, na ndugu zetu Waafrika pia. Twawaheshimu wote. Lakini heshima ya kweli ni kuhakikisha kwamba vijana wa leo wanarudi nyumbani jioni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa mwaka 2003. Vyuo vya VETA vipo Mbeya, na Iringa vipo. Basi twauliza: kwa nini kijana wa hapa abaki na koleo miaka yote ya ujenzi, au siku moja apandishwe kwenye mashine bila hata wiki ya mafunzo kwa sababu opereta hakufika? Twataka kila mkataba unaolipwa kwa kodi ya wananchi useme ni vijana wangapi watafundishwa kuendesha mashine, na mkandarasi aulizwe hesabu hiyo kabla ya kulipwa.

Nanyi vijana, mkiamriwa kupanda mashine msiyofundishwa, kataeni. Huo si uvivu wala woga. Viongozi wa matawi, simameni nao. Barabara ni mali yetu, na wanaoijenga ni watoto wetu.