Dirisha la dawa lisiwe bubu

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo miwili inayopingana. Neno hilo ni dawa. Kinachomponya mgonjwa wa malaria tunakiita dawa, na kinachomwangamiza kijana mtaani tunakiita dawa ya kulevya. Wanafunzi wangu wa isimu huniuliza kama huo si upungufu wa Kiswahili. Mimi huwajibu kwamba hapo lugha imesema kweli. Kitu kile kile kinachoponya kwa kipimo huweza kuua bila kipimo.

Maadamu ni hivyo, yafaa tuulize: hospitalini ni nani aliyesomea kipimo? Daktari amesomea maradhi, muuguzi amesomea kumtunza mgonjwa, na mfamasia amesomea dawa yenyewe, jinsi inavyoingia mwilini, inavyokutana na nyingine na inavyotoka. Hata hivyo, mraibu anapolazwa, mfamasia ndiye anayeulizwa mwisho, kama anaulizwa kabisa. Tumemweka nyuma ya dirisha lenye nondo, naye amekuwa mkono tu unaotoa bahasha.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka michache iliyopita, mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi huko Taita aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Mzee huyo alikuwa akinywa kila siku tangu alipostaafu. Sisi sote tulijua, lakini hakuna aliyetuuliza, nasi kwa kumwonea haya hatukusema. Mguu ulifungwa plasta vizuri. Usiku wa pili alianza kutetemeka na kutokwa na jasho. Usiku wa tatu akawa anapangusa siafu ambao hakuna mwingine aliyewaona, huku akiwaita kwa majina wanafunzi wa miaka ya themanini. Jamaa mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mikono yake ikafungwa kitandani kwa shuka.

Kulipokucha, mfamasia kijana aliyekuja kukagua kabati la dawa wodini alisimama akamtazama, kisha akamgeukia mkewe. "Samahani, mama. Mwalimu hutumia pombe? Mara ya mwisho alikunywa lini?" Maswali mawili tu, ndugu msomaji, nayo ndiyo yaliyomwokoa mwalimu wangu.

Mwili uliozoea pombe kwa miaka hujirekebisha ili uishi nayo. Ikikatwa ghafla, mitetemeko huweza kuanza katika saa chache. Ndani ya siku mbili za kwanza wengine hupatwa na kifafa, baada ya siku mbili au tatu wengine huweweseka na kuona visivyokuwapo, na wasiotibiwa huweza kufa. Tiba yake si siri. Diazepamu hutolewa kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1, ili ubongo usidhurike. Lakini ndani ya tiba hiyo mna mitego. Ini likiwa limechakaa, diazepamu hukawia mwilini, na huenda ikafaa zaidi dawa ya ukoo ule ule iondokayo upesi, kama lorazepamu. Isipopunguzwa kwa hesabu, tiba yenyewe huzaa uraibu mpya. Hesabu hizo ndizo kazi ya mfamasia.

Sasa tuitazame kaunti yetu. Voi ni mji wa njia panda. Malori ya Mombasa na Nairobi hupita hapo, reli nayo hupita, na barabara ya Taveta hutuunganisha na Holili, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Kinachopita njiani kwa uzuri hupita na kwa ubaya. Chang'aa, mnazi na muguka ni mambo ambayo kila mwalimu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta anayajua kwa majina ya wazazi na ya wanafunzi. Mwezi wa Mei 2024, serikali ya kaunti ilifuata Mombasa na Kilifi kuipiga marufuku muguka, hatua zilizozusha kesi na majibizano na watu wa Embu, inakolimwa.

Sipingi marufuku. Ninalosema ni kwamba marufuku hukaa mlangoni, ilhali mraibu tayari yumo ndani, amelala kitandani katika hospitali ya rufaa ya Moi pale Voi, au Wesu, au Taveta. Mara nyingi amefika kwa jambo jingine: ajali ya bodaboda, vidonda vya tumbo, kifua kikuu. Tunatibu kilichomleta na kukiacha kilichomsukuma.

Kuna mahali Afrika Mashariki ilipojifunza vingine. Februari 2011, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini. Kenya ilifuata Mathari mwezi wa Desemba 2014, kisha Malindi mwaka wa 2015. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, ila hufanya kazi polepole, hunywewa mara moja kwa siku, na humwondolea mtu arosto bila kumzungusha mitaani akitafuta pesa za unga.

Katika tiba hiyo, aliye kwenye famasi hupima kiasi cha kila mtu na kumwona akimeza, kisha humsemesha ili ahakikishe kwamba dawa haikubaki mdomoni. Mimi mtu wa lugha jambo hilo lilinigusa sana. Ndiyo, hata huko kuna dirisha, lakini dirisha hilo linazungumza. Anayemwona mraibu kila siku ni mtu wa dawa kuliko daktari, naye ndiye anayetambua kwamba leo ulimi wake ni mzito, jana hakuja, juma hili amekonda. Ndiye pia anayekumbusha kwamba mgonjwa akianzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, methadoni hupungua nguvu mwilini, na kipimo kisipoangaliwa upya atarudia unga huku akilaumiwa kuwa hana msimamo.

Yamkini msomaji atasema kwamba wafamasia ni wachache na kazi ni nyingi. Hilo ni kweli. Atasema pia kwamba baadhi ya maduka ya dawa ndiyo yanayowauzia vijana diazepamu na dawa za kikohozi zenye kodeini bila cheti cha daktari. Hilo nalo ni kweli, na ni aibu. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Ikiwa dirisha la dawa laweza kuwa mlango wa kuingilia uraibu, basi na liwe mlango wa kutokea. Maduka hayo na yabanwe kwa sheria iliyopo, na mfamasia wa hospitali apewe nafasi ya kutibu.

Sidai majengo mapya. Kwanza, kila anayelazwa aulizwe, kwa faragha na bila kejeli, anatumia nini, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Pili, mfamasia apite wodini pamoja na daktari, wala asiachwe kuhesabu makasha. Tatu, diazepamu na thiamini zisikose kabatini. Nne, anayeruhusiwa kwenda nyumbani apewe tarehe ya kurudi dirishani, na akute mtu anayelijua jina lake. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja Nairobi itufikirie.

La tano linatuhusu sisi walimu na wanafunzi. Tumezoea kusema mlevi, teja, mtu ameharibika. Neno mraibu lipo, nalo lamtaja mtu mwenye hali inayotibika. Anayeitwa teja hamtajii mfamasia alichokunywa, na asipotaja, kipimo kitakosewa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mara nyingi sisi ndio tunaomfundisha kuficha.

Mwalimu wangu aliruhusiwa kwenda nyumbani na bahasha ya vidonge vya maumivu. Kuhusu pombe hakuambiwa neno, wala hakupewa siku ya kurudi. Hata mwezi haukuisha kabla hajarudi kilabuni, kwa magongo. Yule mfamasia kijana alikuwa amerudi nyuma ya dirisha lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Naomba wakuu wa afya wa Taita Taveta wamwambie.