Ukuta Huo Usibomolewe

Anayedai kwamba ukuta kati ya idara za benki ya uwekezaji ni urasimu unaopandisha gharama tu, amesahau yaliyotokea New York.

Idara moja huzisaidia kampuni kuuza hisa, nayo hulipwa ada nono. Nyingine, ya utafiti, humshauri mwekezaji anunue zipi. Ukuta huo, yaani kanuni za kuzitenganisha, huzizuia kushawishiana; zikiwa lao moja, anayeumia ni mwekezaji. Mwaka 2002 benki ya Merrill Lynch ya huko New York ilikubali kulipa dola milioni 100 baada ya baruapepe kufichua wachambuzi wake wakizibeza faraghani hisa walizozisifia hadharani. Mwaka uliofuata benki 10, Merrill ikiwamo, zilifikia maafikiano ya takriban dola bilioni 1.4 kuhusu madai kama hayo.

Gharama gani basi inayolalamikiwa? Na hapo akiba za wawekezaji wadogo walioamini ushauri ule hazijahesabiwa.