Mwanamaji Mstaafu Asikabidhiwe Rungu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ujuzi hauzeeki.

Mjomba wangu alistaafu kutoka Jeshi la Wanamaji mwaka jana, bado ana nguvu zake. Jamaa walikwisha kumtafutia kazi ya kulinda geti la ghala moja hapa mjini. Akakataa! Alisema anakwenda kusomea kazi ya kukabiliana na maafa na kuwasaidia waliokumbwa nayo. Nyumbani kukazuka zogo, ati hiyo ni kazi ya kujitolea, haileti unga. Mimi namuunga mkono mjomba.

Sisi wa Likoni tunaijua bahari. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu wapatao 400, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 300. Watu 272 walifariki, na nchi kavu haikuwa mbali. Mwaka wa 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri papa hapa Likoni, likakaa karibu majuma mawili katika kina cha mita 58 hivi kabla ya wapiga mbizi, wakiwemo wanamaji wetu, kulitoa. Jamani, mtu aliyezoea kushuka gizani mkondo ukimvuta, leo tumpe rungu na tochi?

Tena usidhani kazi yenyewe ni kuogelea tu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, miaka 30 kamili baada ya Mtongwe, maji yaliyozuilika chini ya reli yalifumuka yakashukia Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 40. Huko hakuna bahari. Lakini mwanamaji anajua kugawa zamu, kupima maji ya kunywa yatoshe safari, na kusema kwa redio bila maneno mengi. Zaidi ya yote anajua kuhesabu watu. Melini ukikosea hesabu, mtu amebaki majini. Kambini ukikosea, mtoto amelala njaa.

Lipo jambo linalonitia wasiwasi, sitalificha. Jeshini amri hutoka juu na jibu ni "Ndiyo, afande." Mama aliyepoteza nyumba si kuruta. Huwezi kumfokea "Panga foleni!" ukadhani umemsaidia. Aulizwe ni mtoto gani hajaonekana, anahitaji nini, anaogopa nini usiku. Mjomba hata akituita tunywe chai ni kama yuko gwarideni, kwa hiyo naona hapo ndipo patamtoa jasho. Ndiyo maana nafurahi kwamba anasoma kwanza, haingii hivi hivi kwa kuwa ana medali.

Na wakubwa wa kaunti je? Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na maafa. Basi ziwaajiri watu hawa kwa mshahara, wafanye mazoezi wakati wa kiangazi, siyo kuwaita mafuriko yakishaingia na kuwapa soda. Kama kazi hii haileti unga, waulizwe wenye bajeti, si mjomba.

Masomo yake yanaanza mwezi wa tisa. Karo amelipa kutoka kwa kiinua mgongo chake, na mkewe mpaka leo amemnunia.