Lengo lako lina msimu wake

Ushauri wa kuweka akiba unaozunguka kwenye simu zetu ni uleule kila mwaka: weka shilingi 50 kila siku, ukifika mwisho wa mwaka utakuwa na 18,250. Hesabu ni sahihi, hatuibishii. Lakini kama unaishi Mombasa kisiwani, na pesa yako haiji kwa mshahara wa mwisho wa mwezi, ushauri huu utakuangusha mapema. Siku tuktuk inapolala gereji, hiyo 50 huna. Siku ya shughuli za Disemba umeshika 2,000 ya ziada, na bado unaweka 50 ileile kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa. Sisi twaona lengo hapa kwetu lipangwe kwa msimu, sio kwa siku.

Wala si jambo geni. Bandari ya Kale pale Mji wa Kale iliendeshwa hivyo karne na karne. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba au Disemba hivi, yakarudi makwao kusi iliposhika, kama mwezi wa Aprili. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi moja la Kuwait msimu wa 1938 na 1939. Lilipita Mombasa na Unguja, likaenda mpaka delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha likarudi Kuwait. Upepo haumngoji mtu. Nahodha aliyechelewa hakupoteza siku mbili tatu, alipoteza miezi. Kwa hivyo swali lake halikuwa "leo nifanye nini?" Aliuliza: upepo ukigeuka, niwe wapi, na niwe nimepakia nini? Hesabu yake ilianzia mwisho ikirudi nyuma. Huko ndiko kufikiri kimkakati, ukiondoa maneno makubwa ya semina.

Sasa geuza swali hilo kwa mfuko wako. Kila kazi ya hapa ina kaskazi na kusi yake. Mvuvi anayetoka na mtumbwi au ngalawa anajua bahari ikichafuka wakati wa kusi, siku za kutoka hupungua. Anayetembeza wageni Fort Jesus anaijua Disemba, na anaujua Mei wa mvua. Muuza sambusa na kaimati wa Kibokoni, Ramadhani kwake ni mavuno, wakati jirani yake wa mlango wa pili, Ramadhani hiyohiyo kwake ni matumizi matupu. Ndiyo maana hatupendi mipango ya akiba inayonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Fungua taarifa ya miamala yako ya mwaka mzima, iko kwenye simu yako, uangalie miezi gani pesa iliingia na miezi gani ilitoka tu. Nusu saa yatosha. Wengi wetu hatujawahi kuifungua.

Kuna jambo moja lataka macho makali zaidi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Kwa hesabu za kalenda, 2028 itaanza siku za mwisho za Januari, na 2030 zitaingia mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba. Tarehe kamili ni mpaka mwezi uandame, lakini mwelekeo uko wazi. Karo ya muhula wa kwanza, sare na vitabu huja Januari. Yaani futari, nguo za Idi na karo, vitu ambavyo familia nyingi za hapa zilizoea kuvilipa kwa nyakati tofauti, vinakuja kugongana. Mzazi anayesubiri Disemba ndipo aanze kufikiri atakopa. Hatusemi hivi kumtisha mtu. Ni miaka mingine tu, na kalenda imeshatuambia.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayetaka mashine ya overloki, tuseme bei yake 42,000. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari. Watu huleta vitambaa vya kanzu na magauni mapema, kwa hivyo mashine lazima iwe dukani katikati ya Januari, na yeye awe ameizoea. Januari ina karo, haiguswi. Basi pesa ikamilike Disemba. Akianza Agosti ana miezi mitano. Akigawa sawasawa ni 8,400 kila mwezi, na kama Agosti yake imelala, mwezi wa kwanza tu keshashindwa, na mtu akishashindwa mwezi wa kwanza huacha. Lakini akipanga 5,000 Agosti, 5,000 Septemba, 7,000 Oktoba, 10,000 Novemba na 15,000 Disemba, jumla ni ileile 42,000, ila miezi mikavu haikumvunja. Na ikifika mwisho wa Oktoba ana 10,000 badala ya 17,000, anajua mapema kwamba ni lazima anunue mashine iliyotumika au asogeze lengo. Kujua Oktoba ni tofauti sana na kujua Januari.

Pesa hiyo ikae wapi? Hapa tutasema jambo ambalo kampuni kama yetu haina haraka ya kulisema: pesa iliyo kwenye salio lako la kawaida si akiba. Huduma hizi za pesa kwa simu, tangu zianze Kenya mwaka 2007, zilitengenezwa ili pesa iende mbio. Namba nne za siri na imeondoka. Mtu akipiga simu kuomba 500, unaiona ipo, unatuma. Jioni umepita Marikiti, umelipa kwa simu, hukuhisi hata kutoa mkono mfukoni. Pesa ya lengo iondoke kwenye salio siku ileile inapoingia, iende kwenye akaunti ya akiba inayofungwa kwa muda, na tarehe ya kufunguka iwe ile ya lengo lako. Soma masharti kwanza: ukiitoa mapema kuna makato au kusubiri? Na kama riba huitaki, uliza kama kuna akaunti isiyotoa riba, usijiunge halafu ukaanza kuuliza.

Jambo la pili ni mkopo wa kujazia salio linapopungua. Una kazi yake: umesimama duka la dawa usiku, mtoto ana homa, umekosa 200. Huo ni wakati wake. Lakini ukiona unautumia kila wiki kwa nauli na mboga, lengo lako limeshaanza kuliwa, kwa sababu pesa inayofuata ikiingia inakatwa deni na ada kabla hujaiona. Hapo usianze akiba. Maliza deni kwanza, hata kama itachukua msimu mzima. Twajua kuna wanaosema uendelee na vyote viwili. Sisi hatukubali, maana ada ya mkopo wa siku chache ni kubwa kuliko chochote akiba itakachokuletea.

Tumalizie na chama, kwa sababu wengi wenu tayari mko ndani ya kimoja. Akina mama kumi na wawili, kila mmoja 2,000 kwa mwezi, mwenye zamu anapokea 24,000. Kawaida zamu hupangwa kwa kura au kwa ukubwa, na kila mtu hukubali alichopata. Mkianza mzunguko mpya, kabla ya kura, kila mmoja aseme mwezi anaouhitaji na sababu yake. Mwenye karo achukue Disemba, muuza futari achukue mwezi mmoja kabla ya Ramadhani anunue unga na mafuta, anayeoza achukue Mfungo Mosi. Mtashangaa ni wachache kiasi gani wanaogombea mwezi mmoja. Wakigongana wawili, hao wapigiane kura wenyewe, na mweka hazina aandike zamu zote na tarehe zake kwenye kikundi cha WhatsApp siku hiyohiyo, kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa.