Abyei: wenyewe wasiulizwe?

Jamani, hili la Abyei linanikera. Mji huu ulioko mpakani mwa Sudan na Sudan Kusini uliahidiwa kura ya maoni katika itifaki iliyosainiwa Naivasha, Kenya, mwaka 2004. Kura ilikuwa ifanyike Januari 2011, pamoja na ile ya Sudan Kusini kujitenga. Wenzao wakapiga, Abyei wakaambiwa wasubiri. Mei mwaka huo huo jeshi la Khartoum likauteka mji, watu wakakimbia.

Kisingizio? Eti haijulikani mkazi ni nani! Wadinka Ngok wanaishi pale. Wafugaji wa Kimisseriya huja na ng'ombe wao kiangazi kutafuta malisho, kisha hurudi kaskazini. Sina ugomvi nao. Haki yao ya malisho ililindwa na itifaki ile ile. Lakini kulisha ng'ombe ni jambo moja, kuamua mji uwe wa nchi gani ni jambo jingine.

Mwaka 2012 jopo la Umoja wa Afrika lenyewe lilipendekeza kura ifanyike Oktoba 2013. Khartoum ikakataa. Mwezi huo ulipofika Wangok wakajipigia kura yao, na zaidi ya asilimia 99 wakachagua Sudan Kusini. Umoja wa Afrika ukafanya nini? Ukawakemea! Hadi leo kura ile haijatambuliwa.

Viongozi wetu hupenda kutuimbia kwamba wananchi ndio wenye nchi. Na wa Abyei je? Au demokrasia ni ya wale tu ambao ardhi yao haina mafuta?

Tafakari.