Siku ya Mwisho Iwe ya Wenyeji

Ukitaka kujua tamasha ni la nani, nenda siku ya mwisho. Siku ya kwanza ina hotuba, wadhamini na kamera. Usiku wa pili ni wa jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango, na wa vijana wenye uhakika wa usafiri wa kurudi mjini saa nane za usiku. Siku ya mwisho, ambayo aghalabu huwa Jumapili, mabango yameanza kulegea, nyasi zimekanyagwa hadi zimelala, na aliyekuja kupiga picha ameshaondoka. Wanaobaki ni wale ambao muziki wenyewe umewashika. Pamoja nao wapo wanaoishi ng'ambo ya uzio, ambao kwa siku mbili wameusikia muziki bila kuuona.

Hao wa ng'ambo ya uzio ndio sababu ya toleo hili. Reggae ikipigwa kwenye uwanja wa wazi chini ya Mlima Meru, iwe Tengeru, Usa River, Imbaseni au Maji ya Chai, siku ya mwisho iwe yao. Ipigwe mchana, watu wakishatoka ibadani. Kiingilio kiondolewe, au kishushwe hadi kilingane na nauli ya daladala. Jukwaa wapewe wapigaji wa hapa, wapige laivu, waimbe kwa Kiswahili na wakitaka kwa Kimeru. Siwaombei hisani. Wenyeji wa mlima huu wana haki juu ya muziki wa reggae kuliko wanavyodhaniwa, na hata kuliko wao wenyewe wanavyojua.

Tutazame kwanza Rufaro. Zimbabwe ilipopata uhuru usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, Bob Marley na Wailers walipiga katika uwanja wa Rufaro, katika mji ambao leo ni Harare na wakati huo ulikuwa bado Salisbury. Gharama ya kusafirisha vyombo aliibeba Marley mwenyewe. Ndani walikaa wageni rasmi, Prince Charles wa Uingereza akiwa mmoja wao. Nje ya geti walijaa watu wasio na mwaliko, na walipolisukuma polisi walifyatua mabomu ya machozi. Moshi ulifika hadi jukwaani, muziki ukakatika. Baadaye Marley alipiga onyesho la pili kwa ajili ya wananchi waliokosa la kwanza. Wasimuliaji wengi huishia kwenye mabomu ya machozi kwa kuwa ndiyo yenye kishindo. Mimi naona onyesho lile la pili ndilo lililokuwa onyesho la uhuru. Waliokuwa nje ya geti ndio ambao ndugu zao walikwenda msituni, baadhi yao wakipitia kambi za mafunzo hapa Tanzania, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Watu wa namna hiyo hawapewi kadi za mwaliko popote duniani. Hupewa siku ya mwisho, na hata hiyo hupewa mwandaaji akiwa na moyo.

Turudi kwetu. Wapo wanaosema reggae Arusha ni kitu cha watalii, kimekuja pamoja na fulana za rangi ya kijani, njano na nyekundu zinazoning'inia kwenye maduka ya vinyago. Nasema hawajaisoma historia ya mlima huu.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wachache wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza yaliyowapata watu wake. Mwanasheria wa Wameru alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya uwakili mjini Moshi. Azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo dunia ilikuwa imesikia, na Tanganyika nzima ilikuwa imejifunza kwamba mkulima wa kahawa anaweza kumshitaki mkoloni hadharani. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha pamoja kitabu kuhusu kesi hiyo.

Hebu mpime jambo hilo. Miaka zaidi ya kumi na mitano kabla ya studio za Kingston kuanza kurekodi nyimbo zilizoitwa reggae, Mmeru na mtu wa visiwa vya Atlantiki walikuwa wamekaa meza moja wakiandika madai ya ardhi iliyoporwa. Mada zilizokuja kuimbwa na marasta, yaani kunyang'anywa, kuhamishwa na kudai kurudi, zilikuwa kwenye karatasi za Wameru na saini zao chini yake.

Kwa upande wa uhamisho, Tengeru ina simulizi zake. Kuanzia mwaka 1942 Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto walioponea Siberia, waliwekwa kwenye kambi hapa hapa, na makaburi yao yapo mpaka leo. Miaka thelathini baadaye, 1972, waliingia Tanzania Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wanachama wa Black Panther katika mji wa Kansas City, Marekani, Pete akiwa amekwepa kifungo huko kwao. Walijenga Imbaseni kwa mikono yao, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii cha UAACC, ambamo vijana wa vijiji vya jirani wamesoma Kiingereza, sanaa na muziki bila kulipa ada. Charlotte, ambaye watu wa huku wamezoea kumwita Mama C, ni mshairi na mpigaji wa nyatiti na obokano. Geronimo ji Jaga, Panther mwenzao aliyekaa gerezani California miaka 27 kwa hukumu iliyokuja kufutwa, alifia Imbaseni mwaka 2011. Nani basi atasema kwamba nyimbo za uhamishoni zinaletwa Tengeru kama bidhaa ngeni?

Wimbo wa The Melodians wa mwaka 1970, unaoimba habari za mito ya Babeli, umetoka kwenye Zaburi ya 137. Kila msharika wa KKKT katika Dayosisi ya Meru ana zaburi hiyo ndani ya Biblia yake. Mama anayetoka ibada ya pili na kupita kando ya uwanja wa tamasha, akisikia besi ikitikisa mabati ya kibanda, hapiti kando ya kitu cha mashetani. Anapita kando ya andiko alilolisoma mwenyewe.

Hata ngoma tatu za marasta zinazoitwa Nyabinghi zimebeba jina la harakati ya huku kwetu, ile iliyowasumbua wakoloni Rwanda na Kigezi, ambako kiongozi wake, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911. Mwanahistoria Walter Rodney alikaa na marasta katika vichochoro vya Kingston akiwafundisha historia ya Afrika na yeye akijifunza kwao. Serikali ya Jamaika ikamzuia kurudi mwezi Oktoba 1968, na mji ukawaka ghasia. Mwaka uliofuata alirejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na humo akakamilisha kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Njia kati ya Jamaika na Tanzania imepitiwa na watu wakubwa, tena kwenda na kurudi.

Kisha wapo wetu. Jah Kimbute na bendi yake ya Roots and Culture. Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyetutoka mwaka 2003. Ras Innocent Nganyagwa. Jhikoman, aliyeweka maskani Bagamoyo na bendi yake ya Afrikabisa. Arusha hii hii ina Warriors from the East. Hawa wameipa reggae Kiswahili chenye uzito, Kiswahili cha mtu anayesema na jirani yake kuhusu njaa, kodi na dhuluma. Lakini zunguka stendi na masoko ukiwatafuta: flashi za nyimbo zinazouzwa kwa madereva zimejaa Marley na Lucky Dube, na wetu ni wa kuombea. Nawapenda Marley na Dube kama mtu yeyote. Bado inaniuma kwamba chalii wa Tengeru anaweza kukariri albamu nzima ya Mjamaika na asijue kwamba Kalikawe aliwahi kuishi.

Ndiyo maana nasisitiza laivu. Reggae inaishi katika nafasi inayoachwa. Mpiga dramu wa mtindo wa one drop huliacha pigo la kwanza likiwa tupu, kisha ngoma kubwa na rimu zikaanguka pamoja kwenye la tatu. Gita na kinanda hukata katikati ya mapigo. Besi ndiyo inayosimulia. Mtu mmoja akichelewa kidogo, wote wanamsikia na wote wanamngoja. Hayo hayaonekani kwenye pleibeki, ambako msanii hushika maiki na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Kijana wa miaka kumi na minne anayesimama hatua tatu kutoka kwa mpiga besi, jua likiwa linawaka na vidole vinaonekana, anajifunza kitu ambacho hakuna simu itakayomfundisha. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004, ilishika msimamo kwamba anayepanda jukwaa la Ngome Kongwe apige laivu tu. Wapo walioona ni ukaidi. Ukaidi huo umezipa bendi za Afrika Mashariki sababu ya kuendelea kufanya mazoezi.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni bangi. Wazazi wa Arumeru wana haki ya kuogopa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefyeka mashamba Kisimiri Juu, katika wilaya hii hii, na kila nyumba inamjua kijana aliyeharibikiwa. Sitaki kumdharau mzazi huyo kwa kumwambia kwamba reggae ni zaidi ya moshi, ingawa ni kweli. Namwambia hivi: tamasha la usiku nyuma ya uzio ndilo unalopaswa kuliogopa. Tamasha la saa nane mchana, ambalo bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele na mwenyekiti wa kitongoji yupo pembeni, halina kona ya kujificha. Malalamiko ya kelele nayo yanapungua, kwa sababu spika zinazimwa kabla watu hawajalala.

La pili ni fedha, na hapa sina jibu jepesi. Vyombo vya kukodi, jenereta na mafundi mitambo hulipwa iwe kiingilio kipo au hakipo. Sauti za Busara yenyewe haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ikiwa tamasha lenye jina duniani. Sembuse la Tengeru. Ila gharama kubwa za jukwaa na vyombo zinakuwa zimeshalipwa kwa siku zote za tamasha, na kinachobaki Jumapili ni mafuta, posho za mafundi na malipo ya wapigaji wa hapa. Nasema malipo, maana mwenyeji kuambiwa apige bure ili "ajulikane", wakati mgeni amelipiwa hoteli, ni dhuluma ile ile inayoimbwa jukwaani. Mama lishe, wauza ndizi za kuchoma, bodaboda na wenye viwanja vya kuegesha magari nao wana lao siku hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Eneo lenyewe linafaa. Barabara ya njia nne kutoka Sakina inaishia Tengeru, kwa hiyo mtu wa mjini hana kisingizio. Soko linavuta watu kutoka mlimani kote. Taasisi ya Nelson Mandela na Chuo cha Maendeleo ya Jamii vipo hapa, vyenye vijana wa kila mkoa. Tunachokosa ni uwanja wa umma ambao mwandaaji mdogo anaweza kuukodi bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi wiki tatu.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na ninaomba kwa majina ya kazi zenu. Waandaaji: pangeni ratiba ya Jumapili kwanza, muwalipe wapigaji wa hapa nusu ya malipo kabla hawajapanda jukwaani, ndipo mtafute jina la Jumamosi. Halmashauri ya Wilaya ya Meru: tengeni uwanja mmoja Tengeru kwa ajili ya maonyesho ya wazi, kibali kitolewe dirisha moja, na bei yake ibandikwe ukutani. Nawe msomaji, kama kabatini kwako kuna kanda, picha au bango la onyesho lolote la reggae lililopigwa Arusha au Arumeru kabla ya mwaka 2000, lifikishe kwetu. Tutanakili, tutakurudishia mali yako, na toleo lijalo tutachapisha orodha ya kila kilichopatikana.