Kata kona, kata ukweli

Mwezi huu naomba unicheke taratibu, maana ninayekusimulia ni mimi mwenyewe.

Jioni hiyo nilikuwa natoka Magomeni kumpelekea mdogo wangu hela ya kodi. Mume wangu alishasema huyo kijana asisaidiwe tena, kwa hiyo nyumbani nilijua nitasema foleni, kazi, si unajua tena. Simu ikaita: “Uko wapi mama watoto?” Nikajibu, “Natoka ofisini, Posta.” Kumbe niko Barabara ya Morogoro, tena nimeelekea upande siko!

Kwa kiwewe nikageuza gari pale pale kwenye taa. Kibao kilikuwepo, mshale uliopinda umekatwa kwa mstari mwekundu. Sikukiona, au tuseme sikutaka kukiona. Nikajikuta katikati ya njia ya mwendokasi, basi refu lile linakuja, honi mpaka masikioni. Wallahi dereva alifunga breki hadi abiria waliosimama wakaangukiana. Nilibaki nimeshika usukani, magoti yanagongana.

Trafiki, dada mmoja mpole tu, akaniambia niweke pembeni. Nikaanza zile za “afande tuongee”. Akanitazama, akauliza, “Ungegongwa, hayo maongezi ningefanya na nani?” Akaandika kwenye kile kimashine chake: Sh30,000, na namba ya malipo nilipe kwa simu.

Shosti, sheria ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973, na haina mambo ya “nilikuwa na haraka”. Penye mstari mzima katikati hugeuzi. Kwenye kona, kwenye mwinuko ambapo huoni anayekuja, kwenye pundamilia, hugeuzi. Umepitiliza? Nenda mbele hadi kwenye kipilefti au upenyo ulioruhusiwa, urudi kistaarabu. Dakika tano sita hivi. Na ile njia ya mwendokasi tangu mabasi yaanze 2016 si ya kwako wala ya shemeji yako mwenye gari kubwa.

Basi, karatasi nikaificha kwenye mkoba, nikasema nitalipa mwisho wa mwezi. Nilichosahau ni kwamba siku hizi deni la gari linaangaliwa kwa namba ya gari tu, mtu yuko zake sebuleni na simu. Linaonyesha kosa, tarehe na mahali. Na usipolipa kwa wakati, linaongezeka.

Jumamosi baba watoto akaniita. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. “Magomeni ulifuata nini siku ile uliyoniambia uko Posta?” Unajua mwanaume akiona jina la mtaa na jioni, anawaza nini kwanza. Nikalia, nikasema yote: mdogo wangu, kodi, basi. Nikampigia mdogo wangu pale pale, simu nikaiweka sauti ya juu. Akasikiliza, akanyamaza muda mrefu. “Kwa hiyo ulikuwa tayari ufe kuliko kuniambia?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nikachukua simu yake nilipe yaishe. Ndipo nikaona madeni ni mawili. La pili ni la Kigamboni, Jumapili, saa ile aliyoniambia yuko msibani Kimara.

Nikamgeuzia kioo. “Na wewe baba, hapa uligeuzia nini?”